Safari ya Kintinku, na Karatasi za Kijana Aendaye Ng'ambo

Mwezi huu twawaletea habari za safari yetu ya Kintinku, tuliyokwenda mwezi wa tano. Hatukwenda kununua mpunga wala kutazama nchi, ingawa nchi tuliiona na mpunga tulipewa. Tulikwenda pamoja na kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Dodoma, aliyekuwa akitafuta nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha Ujerumani. Labda mtauliza: Mtu aendaye Ulaya, Kintinku afuata nini? Nasi tulijiuliza vivyo hivyo njiani. Jibu lake ndilo habari yenyewe.

Tulitoka Dodoma asubuhi na mapema kwa basi liendalo Singida. Barabara ni ya lami, nayo yashuka polepole mpaka Bahi, na hapo nchi hufunguka ikawa tambarare kama sinia. Mbuga hii ni sehemu ya Bonde la Ufa. Mto Bubu, utokao pande za Kondoa, humwaga maji yake katika bwawa la Bahi, na maji hayo hayana mto wa kuyapeleka baharini. Hukaa papo hapo mpaka jua liyanywe, nayo huacha chumvi juu ya udongo. Wakati wa mvua mbuga hugeuka ziwa. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi. Tulipopita sisi mvua zilikuwa zimekwisha, na watu walikuwa wakivuna mpunga mabondeni na mtama kwenye mashamba ya juu. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, ule wa Ugogo usiojua kupumzika.

Kintinku ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, nao una stesheni ya reli. Nyuma yake, upande wa Bahi, ni mbuga tupu yenye migunga na mibuyu. Mbele yake, upande wa machweo, kingo za bonde zimesimama kama ukuta, na juu ya ukuta huo ndiko ziliko Kilimatinde na Manyoni. Mgeni akisimama stesheni jioni huona jua likizama nyuma ya ukuta, na kivuli chake kikija mbio mbugani, ng'ombe wakirudi mbele yake.

Reli hiyo ina habari yake. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905; ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Shule ya serikali ilipofunguliwa Tabora, vijana wa pwani na wa Ugogo waliochaguliwa kwenda kusoma huko walipita kwa garimoshi hilo, na Kintinku ilikuwa mojawapo ya stesheni zao. Leo reli nyingine, ya kipimo kipana, imekwisha kujengwa kutoka Morogoro mpaka Makutupora karibu na hapa, na garimoshi la umeme limekuwa likichukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Lakini Wajerumani hawakuacha vyuma tu. Waliacha pia maneno mawili vinywani mwetu: shule, ambalo ni neno lao lenyewe, na hela, ambalo lilikuwa jina la sarafu yao ndogo. Kijana wetu alicheka tulipomwambia hayo. Akasema, "Basi ndivyo vitu viwili ninavyovitafuta kwao."

Tulipofika nyumbani kwao tulipokewa kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," tukaketi chini ya mti, tukaletewa maji, kisha ugali wa uwele na mlenda. Baba wa kijana ni mzee wa makamo, mchungaji na mkulima, asiyejua kusoma. Mama yake alikuwa akipepeta mpunga, naye hakuacha kutuangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu anayejua kuwa wageni hawa wamekuja kuchukua kitu. Kwa desturi hatukusema neno la safari mpaka tulipokwisha kula na kunawa. Ndipo kijana alipopiga magoti mbele ya baba yake akasema, "Baba, nimekuja kwa sababu ya jina."

Sasa tuwaeleze jambo lenyewe. Kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka sita alipelekwa Manyoni kwa mjomba wake, apate kukaa karibu na shule. Siku ya kuandikishwa, mwalimu aliuliza, "Mtoto wa nani?" Mjomba akajibu, "Wangu," kama ajibuvyo mjomba yeyote wa kweli. Mwalimu akaandika. Tangu siku ile mtoto akaitwa kwa jina la mjomba: katika daftari la shule, katika cheti cha kidato cha nne, katika cheti cha kidato cha sita, na chuoni Dodoma. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho kabisa. Hakuna aliyeona hasara, maana hapa nyumbani kila mtu alimjua. Lakini chuo cha Ujerumani hakimjui. Kilimtaka alete nakala ya pasipoti. Ili apate pasipoti, akatakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa. Na cheti cha kuzaliwa hutaja baba mzazi. Basi akaonekana kuwa watu wawili: mmoja mwenye kufaulu mitihani, na mwingine mwenye wazazi. Na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza kitambo. Akauliza, "Miaka hii yote, waliposoma majina ya waliofaulu, walisoma jina gani?" Kijana akalitaja jina la mjomba. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo maana sikuitwa." Hatukupata la kusema.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze jinsi nafasi ya namna hii ipatikanavyo, maana tumeulizwa mara nyingi na wazazi, na wengi wadhani ni bahati nasibu au siri ya wakubwa.

Ziko njia nyingi za kusoma ng'ambo, lakini hii ya kijana wetu ni ya mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+. Mpango wa asili ulianza mwaka 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe, na tangu mwaka 2015 umefungua mlango mpana zaidi kwa vyuo vya nchi nyingine, za Afrika zikiwamo. Vyuo viwili hufanya mapatano. Chuo cha nyumbani huchagua mwanafunzi na kumtaja. Chuo mwenyeji humpokea kwa muhula au mwaka. Mwanafunzi hubaki kuwa wa chuo chake cha nyumbani, chuo mwenyeji hakimtozi ada ya masomo, naye hupewa fedha za safari na za kujikimu. Basi la kwanza ni kuuliza katika chuo chako mwenyewe kama kuna mapatano ya namna hiyo, na ni ya elimu gani. Asiyeuliza hapo, hata akiandika barua mia Ulaya, amegonga mlango wa nyuma na wa mbele uko wazi.

La pili ni mkataba wa masomo. Ni karatasi ambamo huandikwa masomo yote atakayosoma ugenini, na kando yake masomo ya nyumbani yatakayohesabiwa kuwa sawa nayo. Huko Ulaya uzito wa masomo hupimwa kwa hesabu moja: mwaka mzima ni 60, na muhula ni 30. Karatasi hiyo hutiwa sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya chuo cha nyumbani, na ya chuo mwenyeji. Mwanafunzi akiidharau, aweza kurudi na maksi nzuri ambazo hakuna mtu wa kuzipokea, akarudia darasa kama aliyekuwa mgonjwa.

La tatu ni barua ya kueleza sababu ya kutaka kwenda. Kijana wetu alituonyesha barua yake ya kwanza, nayo ilikuwa na maneno makubwa yaliyokopwa kwa rafiki, ya kwamba tangu utoto wake amekuwa na shauku ya kufika katika chuo kile mashuhuri. Tukamwuliza, "Tangu utoto ulilijua jina la chuo hicho?" Akaona haya. Yeye husomea habari za udongo na maji. Basi jioni ile, akiwa ameketi penye kizingiti cha mama yake, aliandika upya. Akasema kwamba amezaliwa mahali ambapo maji ya mto huingia wala hayatoki. Kwamba amemwona baba yake akihama shamba kwa sababu chumvi imepanda. Na kwamba ataka kujua jinsi watu wengine wanavyoondoa chumvi katika udongo. Barua haikujaza ukurasa mmoja. Tulipoisoma tulijua kuwa hakuna mtu mwingine duniani awezaye kuiandika.

La nne ni lugha. Vyuo vingi hutaka ushahidi kwamba mwanafunzi anajua lugha ya kufundishia. Wengine hufanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL, ambao matokeo yake hukubaliwa kwa miaka miwili tu. Basi asiufanye mapema mno, wala asiungoje mno. Vyuo vingine hutosheka na barua ya chuo cha nyumbani isemayo kwamba masomo hapa hufundishwa kwa Kiingereza. Uliza kwanza, ulipe baadaye.

La tano ni fedha, na hapa twaomba wazazi watusikilize sana. Mwenye ufadhili hupewa fedha zake, lakini aghalabu haziji zote kabla ya safari. Yafaa awe na akiba ya siku za kwanza. Asiye na ufadhili, akitaka viza ya kusoma Ujerumani, hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za mwaka mzima benki, katika akaunti asiyoweza kuitoa yote mara moja. Mwaka 2024 kiasi hicho kilipandishwa kikawa euro 11,904. Tulipomgeuzia mzee hesabu hiyo kwa ng'ombe, alicheka mpaka akakohoa. Lakini si mambo ya kucheka. Tuliambiwa habari ya mzee mmoja wa pande hizo aliyeuza maksai wake wawili akampa mtu wa mjini, aliyemwahidi nafasi ya chuo na viza kwa pamoja. Mtu yule hakuonekana tena, na mwaka ule mzee alilima kwa jembe la mkono. Ninyi wazazi, jueni jambo hili: chuo hutoa barua ya kumpokea mwanafunzi, na ubalozi hutoa viza, na hakuna mtu wa katikati mwenye kuuza hivi viwili. Anayesema anaviuza anawauzia upepo.

Usiku ule tulikaa nje, moto ukiwaka, na mzee akatuuliza kama ni kweli kwamba mtu aendaye Ulaya hutoa fedha ili asomewe tu karatasi zake. Tukamjibu ni kweli. Viza ya kukaa muda mrefu Ujerumani ina ada ya euro 75, ingawa waliopewa ufadhili wa fedha za umma huweza kusamehewa. Mzee akasema kwa sauti ya kuridhika, "Basi ni hongo." Vijana waliokuwapo wakashtuka wakidhani anasema rushwa. Lakini mzee alisema neno la zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na nchi hii ina maji machache. Kila mtemi alitoza hongo, yaani nguo, shanga na nyaya za shaba, ndipo msafara upate maji na ruhusa ya kupita. Burton na Speke walitoa hongo walipopita mwaka 1857, na Stanley naye mwaka 1871, wala hawakuacha kunung'unika katika vitabu vyao. "Babu zetu," akasema mzee, "walitaka kujua mgeni ni nani, anakwenda wapi, na anarudi lini. Hao Wazungu wamejifunza kwetu." Tukacheka sote. Hata hivyo tuliona kwamba tangu saa ile mzee hakuona tena maswali ya ubalozi kuwa matusi. Aliyaona kuwa maswali ya mwenye kisima.

Ndipo mama wa kijana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliuliza lake: "Na wanaokwenda, hurudi?"

Tuliona si vema kumjibu kwa maneno matamu. Tukamweleza habari za watu wawili. Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alikuwa mtu wa elimu, na habari za desturi za Waswahili alizoziandika zingali zikisomwa. Akaoa huko. Mwaka 1905 alitaka kurudi pamoja na mkewe, naye alikuwa Mjerumani. Serikali ya kikoloni haikumruhusu kushuka pwani pamoja naye. Akarudi Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Wa pili ni Julius Nyerere, ambaye alisoma Makerere mwaka 1943 hata 1945, akafundisha shule ya St. Mary's, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Wakati ule Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Mwaka 1952 alirudi na shahada yake, na yaliyofuata mnayajua.

Mama akafikiri, akasema, "Huyo wa kwanza hakukataa kurudi. Alifungiwa mlango."

Tukamjibu, "Ndivyo, mama. Na mlango ule haupo tena. Mwanao anakwenda kwa muhula mmoja, na jina lake limebaki katika daftari la chuo cha Dodoma likimngoja."

Akasema, "Jina gani?" Akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kanisani. Katekista alifungua sanduku, akatoa daftari la ubatizo, kitabu kikubwa ambacho mchwa walikuwa wamekwisha kukila pembe moja. Tukatafuta mwaka, tukatafuta mwezi. Hapo ndipo palipokuwa: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la mama, na jina la baba yake mzazi, yote yameandikwa kwa wino na mkono mzuri. Mzee hajui kusoma, lakini aliomba aonyeshwe mahali lilipo jina lake. Katekista akamshika kidole akakiweka juu ya mstari. Akakiacha hapo muda mrefu kidogo.

Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya ushahidi unaopokelewa na Wakala wa Usajili, yaani RITA, mtu mzima aombapo kusajiliwa kuzaliwa kwake aliyechelewa. Kadi ya kliniki na cheti cha shule ya msingi husaidia vilevile. Ninyi wenye watoto wadogo, andikisheni kuzaliwa kwao sasa, nanyi mnaotunza madaftari, yawekeni mbali na mchwa na mvua. Mwandishi wa mstari ule hakujua kwamba alikuwa akiandika pasipoti.

Kutoka hapo tulipanda basi kwenda Manyoni, sisi, kijana, na baba yake aliyevaa shati lake la sikukuu. Gari lilipanda ukingo wa bonde, na kila tulipogeuka tuliona mbuga ya Kintinku ikizidi kuwa ndogo, mpaka ikafanana na mkeka uliotandikwa kukaushia mtama. Mzee alikuwa akitazama dirishani. Akasema alipita njia hii kwa miguu, akimshika mtoto mkono, siku ile alipompeleka kwa mjomba wake.

Mjomba alitungoja Manyoni. Twaungama kwamba tuliogopa mkutano huo. Watu hawa wawili hupendana, lakini jambo la jina ni jambo kubwa. Kijana alipokwisha kupeleka maombi yake katika afisi ya usajili, tukaenda wote kwa wakili aandikaye viapo. Wakili alieleza kwamba cheti cha kuzaliwa kitaandikwa jina la baba mzazi, kwa kuwa ndiyo kweli. Na kwamba kiapo kitasema kuwa jina lile na jina la vyeti vya shule ni ya mtu mmoja. Karatasi hiyo itaambatanishwa na vyeti vyake kila aendapo. Akaandika, akaisoma kwa sauti, kisha akaifasiri polepole ili wazee wote wawili waelewe.

Mzee akauliza, "Karatasi hii yasema kwamba huyu si mtoto wa shemeji yangu?"

Wakili akajibu, "Yasema kwamba wewe ndiwe uliyemzaa."

"Na aliyemlea je? Imesema nini?"

Wakili akasema kwamba sheria haikuuliza hilo. Mzee akasema, "Basi iulizwe. Mimi nilimzaa, huyu alimlipia shule. Kama nitaweka dole gumba hapa, naye aweke jina lake. Sitaki mwanangu aende kwa watu na karatasi iliyosema nusu." Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili akafikiri, akaongeza mistari miwili: ya kwamba jina la shuleni ni la mjomba wake, aliyemlea na kumsomesha tangu utoto. Kwa sheria, mistari hiyo ilieleza sababu ya majina kuwa mawili, na ikaifanya karatasi kuwa imara zaidi. Mjomba akatia sahihi. Mzee akabonyeza dole gumba lake katika wino, kisha juu ya karatasi, akalitazama, akalifuta kwa shati lake la sikukuu.

Baada ya hayo mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Cheti cha kuzaliwa kilitoka. Pasipoti ya kielektroniki, ambayo ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, iliombwa na kupatikana. Maombi yalifika kwa chuo mwenyeji siku nne kabla ya mwisho, na barua ya kumpokea imekwisha kuja. Sasa anangoja siku yake ya kuitwa ubalozini Dar es Salaam. Muhula wa baridi wa vyuo vikuu vya Ujerumani huanza tarehe 1 Oktoba, na viza huchukua majuma mengi. Kwa hiyo ajuaye kuwa atakwenda, asiache hata juma moja lipite bure. Atahitaji pia bima ya afya. Koti amekwisha kulipata katika mitumba ya Dodoma, zito, lenye manyoya ndani. Tulipotazama kitambaa kilichoshonwa shingoni, tuliona maneno ya Kijerumani. Koti lenyewe limetangulia kuja kwetu, na sasa linamrudisha mgeni kwao.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Chuo mwenyeji kitampokea kijana wetu, kitamwonyesha chumba na maktaba, kisha kitampa jembe, yaani kazi, kama inavyostahili. Hatuna shaka atalima. Lakini mwenyeji yeyote, wa Ujerumani au wa Ugogo, kabla ya maji na kabla ya jembe huuliza swali moja: U nani wewe, na umetoka kwa nani? Jibu la swali hilo halipatikani Berlin, wala kwenye simu, wala kwa mtu wa mjini anayeuza nafasi. Kijana wetu alilikuta katika daftari lililoliwa na mchwa, na katika mikono ya wazee wawili.

Tulipoagana Kintinku, mama alitupa kila mmoja kibaba cha mchele mpya. Kijana alipewa kifuko kidogo kilichofungwa kwa uzi. Alidhani ni mchele. Akakifungua njiani, akakuta udongo wa shambani mwao, mweupe kwa chumvi. Mama alikuwa ameisikia barua ikisomwa penye kizingiti chake. Alikuwa amesema tu, "Wapelekee waone."

Tukijaliwa, tutawapa habari zake atakaporudi. Kaeni salama.